Kamera zipo 16, skrini inaonyesha 6: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukomo wa picha mubashara kwenye NVR na DVR

Maswali haya ni yale ambayo wateja na mafundi wenzetu hutuuliza kwa simu na WhatsApp pale mashine ya kamera inapokataa kuonyesha chaneli zote kwa pamoja. Mengi yanahusu NVR, yaani mashine ya kurekodi kamera za mtandao (kamera za IP), maana huko ndiko tatizo lilikojaa. DVR, mashine ya kamera za waya wa koaksia, ina swali lake huko chini. Mwenye haraka asome manne ya mwanzo, kisha aruke hadi lile linalofanana na hali yake.

Fundi, nina NVR ya chaneli 16 na kamera 16. Mbona zinaonekana chache, nyingine ni giza na maandishi "No Resource"?

Kwa sababu namba 16 iliyo kwenye boksi ni ya kamera ambazo mashine inaweza kuzipokea na kuzirekodi. Kuzionyesha ni kazi nyingine kabisa, yenye ukomo wake, na ukomo huo wauzaji wengi hawautaji dukani.

Kamera haitumi picha ikiwa ghafi. Inaibana kwanza, kwa mbinu ya H.264 au H.265, ndipo inaipitisha kwenye waya. Mashine inaporekodi inafanya kazi ya mtu wa stoo ya mitumba: anapokea robota jinsi lilivyofungwa, analipanga, basi. Inapotakiwa kuonyesha, ni lazima robota lifunguliwe na nguo zitundikwe moja moja, na hili hufanyika mara 25 kwa sekunde kwa kila kamera. Kurekodi hakumtoi jasho hata prosesa dhaifu. Kufungua picha ndiko kunakomlemea, na akifika mwisho wa uwezo wake anaacha kufungua chaneli zilizobaki na kuandika "No Resource" au maneno yanayofanana na hayo, kutegemea kampuni iliyotengeneza.

Ukomo wenyewe haujafichwa. Tafuta karatasi ya maelezo ya modeli yako kwenye tovuti ya kampuni, uangalie mstari wa Decoding Capability, yaani uwezo wa kufungua picha. Mashine nyingi za chaneli 16 za bei ya kati huandikwa kwamba zinamudu chaneli 2 za megapikseli 8, au 4 za megapikseli 4, au 8 za 1080p. Ni mojawapo kati ya hizo, si jumla yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Ya megapikseli 8 ina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400, mara nne kamili. Ndiyo maana mashine inayomudu 8 za 1080p huishia kwenye 2 za megapikseli 8. Kisa tunachokutana nacho sana ni cha mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa na kamera za megapikseli 2, zote zikionekana bila shida. Akashauriwa abadilishe kamera aweke za megapikseli 8, mashine ikabaki ileile. Siku ileile nusu ya skrini ikawa giza, akaambiwa kamera mpya ni feki. Kamera zilikuwa nzima. Mzigo ndio ulioongezeka mara nne.

Hizo zisizoonekana zinarekodi?

Ikiwa ujumbe ni wa uwezo, ndiyo, zinarekodi kama kawaida. Hakikisha kwa macho: ingia kwenye Playback, sehemu ya kutazama kilichorekodiwa, chagua chaneli moja tu kati ya zile zenye giza, rudi nyuma dakika kumi. Ukiikuta picha, tatizo lako ni la kuonyesha tu na huna haja ya kukosa usingizi.

Soma maandishi yaliyo ndani ya kidirisha kabla ya kugusa chochote, maana kila ujumbe una ugonjwa wake. "No Resource" au "Insufficient Resources" ni uwezo. "No Link", "Offline" au "Network Disconnected" maana yake kamera haijafika kwenye mashine: waya, umeme, anwani ya IP au nenosiri. Hiyo hairekodi, na hilo ni la kushughulikia leo. "No Permission" ni akaunti uliyoingia nayo haijaruhusiwa kuiona chaneli hiyo, jambo linalowatokea sana walinzi na wahudumu waliopewa akaunti za daraja la chini. Mpigie mwenye akaunti kuu akutilie alama kwenye chaneli hizo, usiite fundi.

Nifanye nini sasa hivi bila kununua kitu?

Hamisha mwonekano wa vidirisha vingi kwenda kwenye mkondo mdogo.

Karibu kila kamera ya IP hutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja. Mkondo mkuu, ambao kwenye menyu umeandikwa Main Stream, una ubora kamili na ndio unaorekodiwa. Mkondo mdogo, Sub Stream, ni picha ndogo ya kamera hiyohiyo, kwa kawaida pikseli 640 kwa 360. Hizo ni pikseli 230,400. Zidisha kwa 16 upate 3,686,400, ambazo ni sawasawa na pikseli za kamera moja ya 2,560 kwa 1,440. Kwa maneno mengine, mikondo midogo ya kamera zako zote 16 inaitwisha mashine mzigo wa kamera moja ya megapikseli 4, kazi ambayo hata mashine ya bei rahisi inaimudu.

Ukiwa kwenye skrini ya picha mubashara, bofya kitufe cha kulia cha kipanya au peleka mshale chini ya skrini mpaka utokee ukanda wa vitufe, utafute sehemu ya kuchagua mkondo. Mashine nyingi zina chaguo la kujiamulia zenyewe: mkondo mdogo kwenye vidirisha vingi, mkuu ukibofya kamera moja mara mbili ikajaa skrini. Chagua hilo. Ni dogo, lakini linamaliza malalamiko mengi kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya picha ya kila chaneli, sehemu ya Sub Stream, uhakikishe imewashwa na haizidi 704 kwa 576, fremu 10 hadi 15 kwa sekunde, kasi ya karibu kbps 512. Tumekuta mafundi waliopandisha mkondo mdogo hadi 1080p "ili picha ivutie", halafu wakashangaa mashine kugoma. Mkondo mkuu usiuguse. Huo ndio ushahidi wako siku ya wizi.

Lakini mkondo mdogo si utanipa picha mbovu?

Kwenye skrini iliyogawanywa, hutaona tofauti ya maana. Runinga ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080 kwa ujumla wake. Ukiigawa vidirisha 16, kila kidirisha kinabaki na 480 kwa 270. Mkondo mdogo wa 640 kwa 360 tayari ni mkubwa kuliko nafasi uliyoupa.

Geuza hesabu uone upande wa pili. Kamera 16 za megapikseli 4 kwa mkondo mkuu zina pikseli karibu milioni 59 kwa kila fremu. Runinga yako ina milioni 2 na kidogo. Mashine ingefungua zote hizo, kisha itupe zaidi ya tisini na tano kati ya kila mia kabla hazijafika kwenye kioo. Mimi binafsi huwa namwambia mteja anayebishana asimame hatua tatu kutoka kwenye runinga ya inchi 32 iliyo juu ya kaunta, aniambie ni kidirisha kipi kiko kwenye mkondo mkuu. Akitaka kusoma namba ya gari au kuona noti iliyotolewa, atabofya kamera hiyo mara mbili, na hapo mkondo mkuu utakuja wenyewe.

Kwenye vidirisha 4 ndiko macho yanaweza kulalamika, maana kila kimoja kina 960 kwa 540. Huko jaribu mkondo mkuu. Mashine nyingi zinamudu nne za megapikseli 4.

Nimeweka mkondo mdogo, bado chaneli mbili tatu ni nyeusi. Kwa nini?

Angalia kwanza kama kamera hizo ni za kampuni nyingine, zimeunganishwa kwa ONVIF. ONVIF ni utaratibu ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane, na kwa sehemu kubwa vinaelewana. Ila baadhi ya kamera za bei ya chini zikiunganishwa hivyo hutoa mkondo mkuu peke yake, au mkondo wao mdogo umezimwa tangu kiwandani. Mashine inaomba mkondo mdogo, haupati, inaacha giza. Ingia kwenye kamera yenyewe kwa kivinjari, washa mkondo mdogo, uweke H.264, rudi kwenye NVR ufute chaneli hiyo na kuiongeza upya.

Njia ya kupata jibu bila kubahatisha ni VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta iliyo kwenye mtandao mmoja na kamera. Fungua sehemu ya mkondo wa mtandao, andika anwani ya RTSP, yaani anwani ya kuchukulia video moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Kwa kamera za Hikvision njia huishia na /Streaming/Channels/101 kwa mkondo mkuu na 102 kwa mdogo. Kwa Dahua ni /cam/realmonitor?channel=1&subtype=0 kwa mkuu, na subtype=1 kwa mdogo. Mlango wa RTSP kwa kawaida ni 554. VLC ikionyesha 101 na kukataa 102, kosa liko kwenye kamera. Ikionyesha zote mbili, rudi kwenye mashine.

Sababu nyingine: kamera ina idadi yake ya watazamaji inayoweza kuwahudumia kwa pamoja. Ikiwa imeunganishwa na NVR mbili, na kompyuta ya meneja, na simu tatu moja kwa moja, itafika mahali inamkataa anayefuata. Watazamaji wote wapitie kwenye NVR, kamera iachwe izungumze na NVR peke yake.

Na kuna lile la prosesa ya zamani: NVR iliyotengenezwa kabla H.265 haijaenea, ukiiunganisha na kamera iliyowekwa H.265, inaweza kushindwa kuifungua. Rudisha kamera kwenye H.264.

Mchana zote zinaonekana, giza likiingia baadhi zinapotea. Ni uwezo?

Kwa kawaida si uwezo, ni umeme. Giza likiingia, taa za infraredi za kamera huwaka na kamera hula umeme zaidi. Ikiwa inalishwa kwa PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya uleule wa mtandao, kila tundu la kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4, lakini swichi nzima, kifaa kinachounganisha kamera zote, ina bajeti yake, na bajeti hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko wati 15.4 mara idadi ya matundu. Jumla ikizidi, swichi inazima tundu moja au mawili. Waya nao unachangia: kebo ndefu ya shaba bandia, ile ya alumini iliyopakwa shaba, hupoteza umeme njiani. Kidirisha kitaandika "No Link", si "No Resource", na hiyo ndiyo dalili ya kuitofautisha.

Dalili ya pili ya usiku ni picha kujaa chenga. Kamera inazichukulia chenga kama mwendo, kwa hiyo inatuma data nyingi zaidi. Kama umeiacha ipande bila kikomo, kamera iliyokuwa Mbps 3 mchana inaweza kupanda sana usiku. Weka kikomo kwenye mstari wa Max Bitrate: Mbps 4 kwa megapikseli 4 kwa H.265 inatosha maeneo mengi.

Mtu anayepita usiku akiacha mkia wa ukungu nyuma yake ni jambo la tatu, la shata ya kamera kukaa wazi muda mrefu ili kupata mwanga. NVR haihusiki hapo kabisa.

Picha zinaonekana zote lakini zinaganda na kuruka.

Hapo tazama njia kabla ya mashine. NVR ina kipimo cha data inayoweza kuingia, kinachoandikwa Incoming Bandwidth. Za chaneli 16 nyingi ni Mbps 160. Kamera 16 za Mbps 4 ni 64, bado una nafasi kubwa. Kamera 32 za Mbps 8 ni 256, na hapo mashine ya 160 haikufai.

Lakini mara nyingi kinachobana si mashine. Ni swichi. Swichi ya PoE ya bei nafuu ina tundu la kwenda kwenye NVR la Mbps 100 tu. Mtu anafunga kamera 8 za megapikseli 8 kwenye swichi hiyo, kila moja Mbps 8, halafu anachomeka swichi ya pili yenye kamera nyingine 8 kama hizo kwenye ya kwanza, zote zipite waya uleule. Kimahesabu tayari ni 128 kwenye njia ya 100. Nunua swichi yenye tundu la gigabiti (Mbps 1,000) la kwenda kwenye NVR, au peleka kila swichi waya wake hadi kwenye swichi kuu.

Nikibofya kamera moja ijae, inakaa nyeusi sekunde kadhaa ndipo inatokea.

Mashine inasubiri fremu kamili. Video iliyobanwa haitumi picha nzima kila mara. Inatuma moja kamili, kisha mabadiliko tu. Ukihamia mkondo mkuu katikati, hakuna cha kuonyesha mpaka fremu kamili inayofuata ifike. Kwenye mipangilio kuna I-Frame Interval: ikiwa 50 na kamera inakwenda fremu 25 kwa sekunde, utasubiri hadi sekunde 2. Ikiwa umewasha H.264+ au H.265+, nafasi hiyo huongezeka yenyewe ili kuokoa diski. Anayehitaji kubadilisha kamera haraka, kama chumba cha walinzi, azime hiyo alama ya kujumlisha na kukubali diski kujaa mapema.

Nina runinga mbili, moja HDMI moja VGA. Ya pili inaonyesha chache.

Baadhi ya mashine hutoa picha ileile kwenye matundu yote mawili. Nyingine huyatenganisha, na hapo runinga mbili zinagawana nguvu ileile moja: ukifungua vidirisha 16 kwa mkondo mkuu kwenye HDMI, VGA itaambulia mabaki. Weka mkondo mdogo kote. Tundu la VGA pia huishia 1080p hata pale HDMI inapofika 4K, na baadhi ya modeli hupunguza idadi ya vidirisha upande huo.

Runinga inasema "Not Supported" au inakuwa nyeusi kabisa.

Mashine imewekwa itoe 4K na runinga haiwezi kuipokea. Chomeka kwa muda kwenye runinga au monita inayoweza, au ingia kwa kompyuta kupitia mtandao, ushushe hadi 1,920 kwa 1,080. Ikiwa runinga ni ya 4K kweli, shuku kebo: HDMI ndefu ya mita 15 inayopitisha Full HD vizuri inaweza kushindwa na 4K. Kwa umbali kama huo tumia kifaa cha kupitisha HDMI kwenye waya wa Cat6.

Picha mubashara ziko sawa, lakini Playback ya kamera zote inakataa.

Ni ukomo uleule, na hapa unauma zaidi kwa kuwa kilichorekodiwa ni mkondo mkuu. Cheza nne nne. Au washa kurekodi mikondo yote miwili, kama mashine inaruhusu, ucheze mkondo mdogo kutafuta tukio, kisha mkuu wa kamera moja kulitazama. Diski itaongezeka matumizi kidogo: kbps 512 ni karibu GB 5.5 kwa siku kwa kamera, ukilinganisha na GB 43 za mkondo wa Mbps 4.

Kwenye simu naona nne tu, na bando linaisha.

Simu inafungua picha kwa prosesa yake, kwa hiyo ukomo wa NVR wa kuonyesha hauhusiki sana. Kinachobana ni kasi ya kupandisha ya intaneti iliyo kwenye jengo. Vifurushi vingi hutangazwa kwa kasi ya kushusha. Kamera hutumia ya kupandisha, ambayo kwenye ruta ya 4G huwa ndogo na inabadilika saa kwa saa. Mikondo midogo 16 ya kbps 512 inataka Mbps 8 za kupandisha. Pima saa za jioni, siyo saa nne asubuhi.

Bando nalo: mkondo mdogo mmoja hula karibu MB 230 kwa saa, kumi na sita hula karibu GB 3.7, na mkondo mkuu mmoja wa Mbps 4 hula GB 1.8. Bando la ruta ya dukani linaliwa vivyo hivyo, na hilo watu husahau.

Dawa ambayo wachache wanaijua ni chaneli sifuri, Channel-Zero kwenye menyu. Ukiiwasha, mashine inachukua vidirisha vyote na kuvifanya picha moja, kisha inatuma mkondo mmoja tu. Huwezi kukuza kamera moja ndani yake kwa ubora, lakini kwa mwenye duka aliyesafiri anayetaka tu kujua kama wahudumu wapo, inamtosha sana.

Baadhi ya programu za simu hukata picha baada ya dakika chache zinapopitisha data kwenye seva zao. Si hitilafu. Bonyeza kucheza tena.

Kwenye kompyuta kivinjari hakionyeshi kitu.

Mashine za zamani zilitegemea Internet Explorer na programu-jalizi yake. Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 kwenye Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Tumia Edge kwa hali ya Internet Explorer, au, bora zaidi, programu ya kompyuta ya kampuni iliyotengeneza mashine. Kwenye mashine mpya zisizotaka programu-jalizi, weka mkondo mdogo kuwa H.264, baadhi ya vivinjari bado vinasumbuka na H.265.

Mimi nina DVR ya kamera za waya wa koaksia. Haya yananihusu?

Kwa picha mubashara, kidogo. Kamera ya analogi huleta picha bila kubanwa, mashine yenyewe ndiyo inayoibana kwa ajili ya diski, hivyo kuionyesha hakuhitaji kufunguliwa. Utakutana na ukomo kwenye Playback na kwenye chaneli za IP unazoongeza. DVR nyingi za mchanganyiko huruhusu chaneli chache za IP juu ya zile za koaksia, na ukitaka zaidi lazima uzime za koaksia. Angalia pia kama DVR yako inarekodi 1080N: hiyo ni 960 kwa 1,080, nusu ya upana, ikivutwa ijae. Wengi huidhani ni kamera kuharibika.

Nikiongeza diski au kusasisha programu endeshi (firmware), uwezo utaongezeka?

Diski, hapana. Inaongeza siku za kurekodi tu. Programu endeshi inaweza kurekebisha hitilafu, mfano kamera fulani kuonekana nyeusi, lakini haiongezi nguvu za prosesa. Ukiamua kusasisha, hakikisha faili ni la modeli yako na soko lako, na mashine iko kwenye UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati unaweza kuiua. Kama hakuna tatizo linalotajwa kwenye maelezo ya toleo jipya, iache.

Jambo linaloweza kukurudishia nguvu ni kuzima utambuzi wa sura na uchambuzi mwingine unaofanywa na NVR yenyewe. Kwenye modeli kadhaa, kuuwasha hupunguza idadi ya chaneli zinazofunguliwa. Ikiwa kamera zako zina uwezo huo ndani yake, ziachie zifanye zenyewe.

Nataka kweli kuona zote 32 kwa ubora, si mkondo mdogo.

Kwanza tuulizane ni kwenye kioo gani. Ukiwa na runinga nne za 4K kwenye chumba cha ulinzi, hoja ipo. Ukiwa na moja ya inchi 43, umerudi kwenye hesabu ya vidirisha.

Hoja ikiwepo, kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni kifaa maalumu cha kufungua picha, kinachopokea mikondo kutoka NVR na kuitoa kwenye runinga kadhaa. Ni ghali na kwa kawaida huwa cha kampuni ileile ya NVR. Ya pili ni kompyuta yenye programu ya kusimamia kamera, inayotumia kadi ya picha kufungua video. Prosesa nyingi za Intel zina sehemu ya kazi hiyo tangu 2011, na kwa H.265 tafuta kizazi cha 6 cha mwaka 2015 au kipya zaidi. Kompyuta ya mtumba ya ofisini yenye prosesa ya aina hiyo mara nyingi huipita NVR kwa kuonyesha. Hakikisha kwenye mipangilio ya programu hiyo umewasha ufunguaji wa maunzi (Hardware Decoding), la sivyo prosesa itapanda hadi asilimia 100 na feni itapiga kelele kama inataka kuruka.

Mlinzi mmoja na kioo kimoja, mimi ningeweka vidirisha 9 vya sehemu nyeti na kuacha zilizobaki zijizungushe kila sekunde 10.

Naenda kununua NVR mpya. Nimuulize nini muuzaji?

Usimuulize ni chaneli ngapi. Muulize namba kamili ya modeli, kisha simama hapohapo dukani na simu yako utafute karatasi yake. Soma mistari mitatu: Decoding Capability, Incoming Bandwidth na Outgoing Bandwidth. Huo wa mwisho ndio utakaoamua watu wangapi wataangalia kwa mbali: wakurugenzi watano wakifungua mikondo midogo 16 kila mmoja wanataka Mbps 40. Kisha jumlisha kamera zako kwa Mbps zake, uongeze nafasi ya zile utakazofunga mwakani. Muuzaji akikuambia karatasi haipo, au modeli kwenye boksi haifanani na iliyo kwenye kibandiko cha chini ya mashine, nenda duka la pili.